Kungoja Mtoto Aliye Mbali

Tarehe 25 mwezi wa 9, 2013, ofisi ya uhamiaji ya Kongo ilisimamisha ruhusa ya kutoka inchi kwa watoto waliopokelewa na wazazi wa ngambo. Ilisema inaogopa watatendewa mabaya huko. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha pata hukumu ya tribinali: kwa sheria mtoto ni wao, lakini yeye analala Kongo, wao wako Marekani ao Italia. Watoto 31 walifika Italia mwezi wa 5, 2014. Wengine waliendelea kungoja mpaka 2016.

Sasa, kumutumainia Mungu hapo ni nini? Watu wanazania ni kujua siku ya jibu. Hapana. Abrahamu alitoka Harani na miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Katikati alichoka, akashika njia ya mkato kwa Hajiri, na walioteseka jangwani ni mama na mtoto, si yeye.

Basi mzazi anayengoja hatoi rushwa, wala hapitishi mtoto mpakani usiku. Anaomba tena ajue kweli: mama aliyemuzaa iko hai? Ombi hilo ni gumu kuliko yote, maana pengine jibu lake ni kumuachia mtoto kwao.