Polima Inayofichua Sumu Majini

Maji ya mfereji yanayoingia katika majaruba ya mpunga ya Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, hayabadiliki rangi kwa sababu tu yamebeba mabaki kidogo ya viuatilifu. Jicho halioni, na ulimi usijaribu.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza polima yenye kutambua majini mabaki ya soman, sumu ya kivita iliyo ya ukoo mmoja na viuatilifu vya fosforasi. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa viuatilifu vyenyewe. Polima huundwa ikiizunguka molekuli inayotafutwa. Molekuli ikiondolewa, hubaki tundu lenye umbo lake, mfano wa unyayo katika tope la jaruba. Tunduni mna yuropiamu, madini yatoayo mwanga mwekundu. Molekuli ya namna ile ikirejea, mwanga hubadilika, na chombo husoma badiliko hilo.

Lakini kipimo hicho hutoa habari za maji, si za mgonjwa. Sumu hizi huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi. Mkulima aliyetoka kupuliza dawa, akafika zahanati akitokwa mate na jasho, mboni zimesinyaa, kifua kimebana, asisubirishwe majibu ya maabara. Mhudumu avae glavu, asafishe njia ya hewa na kuanza atropini, huku mgonjwa akivuliwa nguo na kuoshwa kwa sabuni. Ndugu aliyemsindikiza aje na chupa ya dawa, lebo ikiwa haijabanduka.