Goti limepona, hofu je?

Winga aliyefanyiwa upasuaji wa goti amerudi mazoezini baada ya miezi 9. Paja limejaa tena na daktari ameshatoa ruhusa. Mpira wa kwanza unamfikia pembeni, beki anamjia, naye anautoa haraka kabla hajaguswa. Wa pili vilevile. Benchi linanung'unika kwamba hajawa fiti, kumbe mguu una nguvu zote. Anachokosa ni kuuamini.

Hali hiyo huwakuta wengi. Mapitio ya tafiti 69, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalihusu watu zaidi ya 7,500 waliotengenezewa ACL, kano inayozuia goti kuteguka. Asilimia 81 walirudi kucheza mchezo wa aina fulani, lakini waliorudi kwenye mashindano walikuwa asilimia 55 tu. Hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu zinazotajwa sana. Jambo hili linatuhusu kwa karibu, kwani wanawake hukatika kano hii kirahisi kuliko wanaume, na soka la wanawake linakua Tanzania na Kenya.

Hofu hiyo na kiwewe cha kabla ya mechi ni ndugu. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo hudunda, viganja hulowa jasho, tumbo huvurugika. Kwa kiasi chake, nguvu hiyo humsaidia mkimbiaji kuchomoka kwenye mstari. Ikizidi, misuli hukakamaa, na mchezaji huanza kukifikiria hatua kwa hatua kitendo alichozoea kukifanya bila kuwaza. Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyechunguza mikwaju ya penalti katika mashindano makubwa, alibaini kwamba wanaokimbilia kupiga mara filimbi inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda.

Muda huo mfupi unafunzika. Vuta pumzi polepole kwa sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, rudia mara kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Pia usijilazimishe kutulia kabisa. Utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, uliotoka mwaka 2014, ulionyesha kwamba watu waliojiambia wana hamasa walifanya vizuri zaidi katika kuimba, kuhutubia na hesabu kuliko waliojiambia watulie.

Kwa majeruhi, imani hujengwa kwa ngazi. Aanze kukimbia moja kwa moja, kisha kugeuka ghafla bila mpinzani, kisha mbele ya beki asiyekaba kwa nguvu, mwisho mechi kamili. Asipande ngazi ya juu kabla hajaizoea ya chini. Usiku, afumbe macho ajione akimpita beki, goti likimtii.

Wakubwa nao hupita humo. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Simone Biles wa Marekani alijitoa kwenye fainali ya timu ya jimnastiki baada ya kupoteza uwezo wa kujua mwili wake uko wapi akiwa hewani. Aliendelea kuonana na mtaalamu wa saikolojia, na Paris mwaka 2024 akatwaa dhahabu 3 na fedha 1.

Klabu zetu nyingi hazina mtaalamu wa saikolojia, lakini kocha na mtu wa fiziotherapia wanaweza kuanza leo. Kila wiki wamuulize majeruhi: kati ya 0 na 10, unaliamini goti lako kiasi gani? Jibu liandikwe kando ya vipimo vya nguvu za mguu. Akikosa usingizi au akijitenga na wenzake kwa zaidi ya wiki mbili, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Na tarehe ya kurudi uwanjani isipangwe mpaka vipimo vya goti na jibu la mwenye goti vikubaliane.