Mbegu katika vumbi: Kumtii Mungu mvua inapokosa

KILA mwaka mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, utaona jambo la ajabu ukisafiri kutoka Machakos kuelekea Wote, au ukishuka kutoka mji wa Kitui kwenda Mutomo. Jua ni kali, mito ni mchanga mtupu, na upepo unapeperusha vumbi jekundu hadi machoni. Lakini mashambani watu wameinama. Wanapanda.

Wanapanda mahindi, kunde, ndengu na mbaazi katika udongo mkavu usio na dalili ya unyevu. Mgeni kutoka mjini atadhani wamepungukiwa na akili. Kumbe wana sababu. Mvua za Ukambani huja kwa haraka na kuondoka kwa haraka, na atakayesubiri tone la kwanza ndipo atafute jembe huenda akachelewa. Mbegu hutangulia, mvua hufuata.

Je, isipofuata?

Hilo ndilo swali ambalo familia nyingi za Kitui na Makueni zimeishi nalo tangu enzi za mababu. Na ndilo swali la kila Mkristo aliyewahi kupita katika kipindi kigumu, awe mkulima wa Kyuso au karani wa Nairobi aliyeachishwa kazi. Utamwamini Mungu na kumtii vipi wakati ambapo kila unachokiona kinakwambia amekusahau?

Njaa zenye majina

Wakamba wamezipa njaa zao majina, kama vile mtu anavyowapa watoto wake. Ile iliyoikumba nchi yao mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Ilikuja pamoja na magonjwa ya watu na ya mifugo, na watu wengi mno waliangamia. Nyingine, ya miaka ya 1980, iliitwa Nikwa Ngwete. Maana yake ni kwamba mtu anakufa akiwa ameshika fedha mkononi, kwa kuwa fedha zipo lakini chakula cha kununua hakipo.

Katika miaka ya karibuni, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Mnamo Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Tarehe 14 Februari, 2023, viongozi na raia walikusanyika katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, kumwomba Mungu mvua.

Msomaji mpenzi, hebu hesabu. Misimu mitano ni mara tano za kutoa mbegu kibuyuni na kuzifukia ardhini. Mama aliye na watoto wanaolia njaa anajua kwamba mbegu ile ingeweza kuingia chunguni na kuwa mlo wa usiku mmoja au miwili. Akiipika, leo watakula lakini kesho hana kitu. Akiipanda, leo watalala na njaa na kesho haijulikani. Huo si mjadala wa darasa la dini. Ni uamuzi unaofanywa jikoni, mbele ya mafiga matatu, watoto wakitazama.

Isaka alipanda wakati wa njaa

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kuna habari ambayo ingeweza kuwa imeandikwa kwa ajili ya Ukambani. Kulikuwa na njaa katika nchi. Isaka alitaka kufanya alivyofanya baba yake Ibrahimu zamani, ateremke Misri kwenye mto usiokauka. Mungu akamwambia asiende. Akaambiwa abaki katika nchi ile ile iliyokuwa na njaa.

Isaka alitii, akakaa Gerari. Lakini hakukaa akikunja mikono. Alipanda mbegu, na mwaka ule ule akavuna mara mia. Kisha akaanza kuvifukua visima vya baba yake ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo. Alipochimba kipya, wachungaji wa Gerari walikigombania. Akakiacha, akachimba kingine. Wakakigombania hicho pia. Akasonga mbele, akachimba cha tatu ambacho hakuna aliyemwonea wivu, akakiita Rehobothi, mahali penye nafasi.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza, Isaka hakuwa malaika. Katika sura hiyo hiyo alidanganya kwamba Rebeka ni dada yake kwa kuwa aliogopa kuuawa. Basi mtu anaweza kuwa mtiifu huku moyo wake unatetemeka, na Mungu asimtupe. La pili, utii wake ulikuwa na jembe na sururu. Aliomba, alipanda, alichimba, na alikataa kupigana.

Wapandaji wasioona mavuno

Hata hivyo, tusidanganyane. Si kila anayetii huvuna mara mia katika mwaka ule ule.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alimzika mkewe na mtoto wao mchanga huko Mombasa mwaka wa 1844. Hakurudi kwao. Mwaka wa 1849 alifika Kitui kwa Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri, na akiwa huko akauona Mlima Kenya. Aliporejea mwaka wa 1851 akiwa na nia ya kuanzisha misheni, msafara wao ulishambuliwa karibu na Mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake nyikani. Kiu ilimzidi hata akabeba maji katika mitutu ya bunduki yake. Alipowafikia jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kubaki hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Akatoroka tena usiku. Misheni ya Ukambani aliyoiota hakuianzisha kamwe.

Mwaka wa 1895, miaka 44 baadaye, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui, ambayo leo iko Makueni. Katika mwaka mmoja tu walikuwa na vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, akiwa bado kijana. Wenzake kadhaa walikufa au kuondoka, kisha ikaja ile njaa ya Ngomanisye. Aliyetazama Nzaui wakati huo angesema kazi imekwisha.

Lakini haikwisha. Kutokana na mwanzo ule dhaifu lilikua kanisa ambalo leo huitwa Africa Inland Church, lenye waumini katika pembe nyingi za Kenya. Mwaka wa 1931 alizaliwa Mulango, Kitui, mtoto aliyekuja kuwa Profesa John Mbiti, mmoja wa wanatheolojia wakubwa wa Afrika, aliyefariki mwaka wa 2019. Yeye ndiye aliyeufundisha ulimwengu kwamba Mwafrika hakuanza kumjua Mungu siku mmisionari aliposhuka melini. Wakamba walikuwa wakimwita Mulungu na kumwomba mvua tangu kale. Na katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, lugha ya mamaye.

Krapf na Scott hawakuyaona hayo. Walipanda katika vumbi, na mvua ikanyesha wakiwa kaburini.

Siku ya Enziu

Kuna dhiki nyingine ambayo haina hata maelezo ya namna hiyo. Jumamosi ya tarehe 4 Desemba, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa kutoka Mwingi kwenda arusi huko Nuu lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika. Maji yalilisukuma, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo watoto. Katika mwaka ambao kaunti nzima ililia kwa kukosa maji, maji ndiyo yaliyowaua. Na walikuwa watu wa kumwimbia Mungu.

Mtu atakayekwambia anajua sababu ya jambo hilo, mwogope. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema siku saba walipoketi naye chini kimya. Walikosea walipofungua midomo kueleza. Hata Yesu alipoulizwa habari za watu waliokufa kwa ukatili, yeye mwenyewe aliwakumbusha wasikilizaji watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine.

Kumwamini Mungu, basi, si kuwa na jibu la kila swali. Wakati mwingine ni kuketi na mfiwa, kumpikia uji, na kurudi tena kwake baada ya miezi sita, wakati ambapo wengine wote wamesahau.

Ukuta katika mto mkavu

Utii una umbo gani basi? Shuka kwenye mito ya msimu ya Ukambani ukaangalie mabwawa ya mchanga. Mwaka wa 1978 kundi la Utooni, likiongozwa na mkulima Joshua Mukusya, lilianza kazi huko Kola, Machakos, na mabwawa ya namna hii yakawa alama yake. Kitui nayo, shirika la SASOL lililoanza mwaka wa 1990 limesaidia wanavijiji kujenga mamia ya mabwawa hayo.

Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto hadi kwenye mwamba. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga ambao hutuama nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo mahali ambapo jua haliwezi kuyanyonya upesi. Miezi baadaye, mto ukiwa mkavu kwa macho, mama huchimba kidogo na kuteka maji.

La ajabu ni kwamba ukuta huo hujengwa wakati wa kiangazi, mto ukiwa hauna tone. Watu hukusanyika kwa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kufanya kazi pamoja, wakabeba mawe juani. Na baada ya kumaliza, huenda ikachukua misimu kadhaa bwawa lijae mchanga. Mtu hubeba mawe leo kwa ajili ya maji ya miaka mitatu ijayo.

Utii pia una makatazo yake. Njaa humshawishi mtu kukata mti wa mwisho achome makaa, kuuza mchanga wa mto kwa malori ya mjini, kuficha chakula cha msaada kilichotolewa kwa wote, au kumwoza binti aliye darasani ili mahari inunue unga. Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga wake mwaka wa 2015. Sheria ni njema, lakini hakuna askari wa kusimama katika kila mto usiku. Hapo hubaki mtu na Mungu wake.

Sisi tulio mjini

Na wewe uliye Umoja, Tudor au katika bweni la chuo, mvua yako imekosa wapi? Pengine ni kazi, pengine ni karo, pengine ni ndoa au ugonjwa usiopona. Usingoje dhiki iishe ndipo uanze kutii. Fanya lile dogo unalolijua kuwa jema leo. Lipa deni kidogo kidogo. Usighushi cheti. Nenda ibadani hata kama huna sadaka ya kutoa. Baba na mama, waelezeni watoto kwa upole kwamba mwezi huu nyama haipo, kisha ombeni pamoja. Mtoto aliyewaona wazazi wakiomba mezani penye sukuma wiki tupu hatasahau.

Kama una jamaa kijijini, usimtumie aya za Biblia pekee. Mtumie pia kilo mbili za mbegu kabla ya Oktoba. Eliya alipokauka kijito cha Kerithi hakushushiwa wingu. Alitumwa kwa mjane wa Sarepta aliyekuwa na konzi ya mwisho ya unga, na wote wawili wakaishi kwa sababu mmoja alikubali kugawana.

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Hawakusema ni baada ya siku ngapi. Oktoba ijayo, mvua iwe imetabiriwa au isiwe, watu wa Kitui na Makueni watainama tena mashambani. Ukipita njiani ukawaona, usiwacheke.