Joto la maji na maisha ya samaki tunaowafuga

Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita, baridi inapoingia Likasi, watu wanaofuga samaki hapa Kakontwe hukuta samaki wamekufa asubuhi, katika kisima cha uani au katika chombo cha kioo sebuleni. Ndipo maneno huanza: nani ametia sumu? Nani ana wivu? Kabla ya kumtaja jirani, ni vizuri kupima maji.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata joto la maji. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi ni baridi kweli. Tilapia hupenda maji ya digrii 25 hadi 30. Yakishuka karibu na digrii 16, huacha kula. Yakifika 10 au 12, wengi hufa. Hata kabla ya hapo nguvu ya kujikinga hupungua, na madoa meupe au ukungu kama pamba huonekana kwenye ngozi.

Samaki wa mapambo wanaotoka Ziwa Tanganyika wamezoea maji ya digrii 24 hadi 28, yasiyobadilika sana. Wanapenda pia maji yenye chokaa, na mawe ya Kakontwe ni ya chokaa. Kwa hiyo kwetu adui wao mkubwa ni baridi ya ghafula, hasa umeme unapokatika na kifaa cha kupasha maji kuzimika. Chombo kidogo hupoa upesi kuliko kikubwa.

Lakini joto jingi nalo lina hatari. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya digrii 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa digrii 30 hubeba 7.6 tu. Hapo samaki anahitaji hewa zaidi huku maji yakiwa na hewa kidogo. Ukimwona anahema juu ya maji, ujue anakosa pumzi.

Joto hugusa hata urefu wa maisha. Wako samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, ambao wengine wao wanaishi Katanga katika madimbwi yanayokauka. Utafiti wa mwaka 2006 juu ya aina mojawapo, ile ya Zimbabwe na Msumbiji, ulionyesha kwamba waliowekwa katika digrii 22 waliishi muda mrefu kuliko wale wa digrii 25. Mwili ukienda mbio, huzeeka mapema.

Ndugu zetu wa Kalemie, Moba na Uvira wanaliona jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba Ziwa Tanganyika linapata joto. Maji ya juu yakiwa ya moto hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba ya chini haipandi, na chakula cha samaki kinapungua.

Basi tufanye nini? Nunua kipimajoto, upime asubuhi na alasiri. Weka chombo mbali na dirisha na jua kali. Umeme ukikatika, kifunike kwa blanketi pembeni, ukiacha nafasi ya hewa juu. Badilisha sehemu ndogo tu ya maji, na maji mapya yawe na joto lile lile. Samaki mpya, acha mfuko wake uelee dakika 15 au 20 kabla ya kumfungulia. Kisima kiwe na kina cha mita moja hivi, na wakati wa baridi punguza chakula, maana kisicholiwa huoza na kumaliza hewa.

Andika vipimo hivyo katika daftari. Samaki wakifa, fungua daftari kwanza. Mara nyingi jibu litakuwa humo, na jirani atabaki jirani.