Polisi Akikosa, Tushitaki Wapi?

Ndugu msomaji, kijana wako akitiwa kasho bila kosa, na polisi anaomba makuta ili amfungue, unakwenda wapi? Wengi wetu tunakwenda kulia kwa komanda wa polisi yule yule. Na komanda naye anangojea fungu lake!

Katiba yetu ya 2006, artikle 18, inasema mtu asikae kasho ya polisi kupita saa 48, na ana haki ya kuonana na jamaa yake mara moja. Artikle 156 inaweka polisi chini ya tribinali za askari. Basi mashitaki yapelekwe kwa oditora, ndiyo parke ya askari.

Inakawia, ndiyo. Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za watu, aliuawa Kinshasa katika 2010 pamoja na dereva wake, nyuma ya kuitwa kwa makao makuu ya polisi. Katika 2022 tribinali ilikuwa ingali inahukumu polisi kwa neno hilo.

Andika siku, saa, fasi, jina la polisi na mashahidi. Ubakize kopi yenye muhuri. Mama asiyejua kuandika, shemasi amwandikie.