Shawa Inunuliwe Mwisho

Familia ikishaamua kukarabati bafu moja linalotumiwa na watu wote nyumbani, safari ya kwanza huwa ya dukani. Inachaguliwa shawa pana ya kung'aa, vinachaguliwa vigae vya sentimita 60 kwa 60, halafu ndipo fundi anaitwa aje kuvifunga. Naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Bafu la watu sita au saba huwa zuri au baya kwa sababu ya mambo ambayo mgeni hayaoni: mteremko wa sakafu, tabaka la kuzuia maji chini ya vigae, kimo cha tanki, na waya wa ethi. Pesa ianzie huko, na shawa inunuliwe kwa kitakachobaki.

Hoja ya haraka ya kupinga ni kwamba bafu la zamani limedumu miaka mingi bila mambo hayo yote. Ni kweli, lakini lilidumu kwa sababu watu walioga kwa ndoo na kopo. Ndoo ni lita 20 kwa mtu mmoja, na maji yake karibu yote huishia sakafuni. Shawa inayotoa lita 9 kwa dakika, wakioga watu sita dakika tano tano, inamwaga lita 270 kwa siku, tena sehemu kubwa inapiga ukutani kuanzia usawa wa kichwa. Ukuta uliokuwa ukirushiwa matone sasa unaoshwa kila siku. Kuweka shawa ya kisasa kwenye bafu lililojengwa kwa ajili ya ndoo ni kubadilisha kazi ya chumba kizima, wala si kubadilisha kifaa kimoja.

Wengi wanaamini vigae vyenyewe vinazuia maji. Kigae kinazuia, ila grauti iliyo katikati ya vigae ni saruji, na saruji ya kawaida inanyonya maji. Yanapita polepole, yanakaa kwenye plasta, kisha yanatokea upande wa pili: rangi ya chumba cha kulala inavimba na kubanduka, na unga mweupe wa chumvi unajitokeza chini ya ukuta. Kuipaka rangi upya ni kupoteza pesa. Tiba ni kupaka dawa ya kuzuia maji juu ya plasta na sakafu kabla ya kigae cha kwanza, kuipandisha ukutani hadi juu ya kichwa cha shawa, na kulaza utepe maalumu kwenye kona zote, maana kona ndiyo hupasuka kwanza. Dawa ikishakauka, tundu la maji lizibwe, sakafu ijazwe maji ya kina cha sentimita mbili au tatu, yaachwe saa 24. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu.

Mteremko nao ni sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea tunduni. Hapa ndipo vigae vikubwa vinapoleta shida: sakafu inayoteremka kutoka pande nne hailaliki na kigae kipana bila kukatwakatwa, na fundi anayeogopa kuvikata huiacha sakafu tambarare. Maji yanatuama, sabuni inaganda, mzee anateleza. Kwa eneo la kuogea, vigae vidogo visivyong'arishwa vinafuata mteremko vizuri na kushika nyayo, hata kama dukani havipendezi macho.

Presha ni hesabu fupi. Kila mita moja kati ya usawa wa maji tankini na kichwa cha shawa inatoa takriban bar 0.1, hivyo tanki lililo mita 3 juu yake linatoa bar 0.3. Shawa nyingi pana za mtindo wa mvua zinataka karibu bar 1, yaani mita 10, kimo ambacho minara ya nyumbani kwa kawaida haikifikii. Pampu inaweza kufidia, lakini umeme ukikatika na maji yanakatika. Kichwa kidogo kilichotengenezwa kwa presha ndogo kinatosha nyumba nyingi.

Kwenye umeme, sioni pa kubana matumizi. Shawa ya kupasha maji papo hapo yenye wati 5,500 inavuta karibu ampea 24 kwenye umeme wa volti 230. Inahitaji waya wake yenyewe wa unene wa kutosha kutoka kwenye breka yake yenyewe, ethi inayofika kweli ardhini, na swichi ya kinga ya miliampea 30 inayokata umeme mara unapovuja. Kuichomeka kwenye waya wa soketi ni kuhatarisha uhai wa kila anayeoga. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi na huila koili mapema. Waulizie shawa iliyotengenezwa kwa maji ya namna hiyo. Na wajue bili: watu sita wakioga dakika kumi kumi ni uniti 5.5 kwa siku.

Wapo watakaosema gharama hizi zinaua hamu ya kukarabati. Lakini dawa ya ukuta huwekwa mara moja, na kuiweka baadaye maana yake ni kubomoa vigae vyote. Shawa inafunguliwa na kubadilishwa kwa spana hata mwaka ujao. Kama fedha hazitoshi, mabomba yaachwe tayari ukutani, na koki ya chini ya kujazia ndoo ifungwe sasa. Koki hiyo ibaki hata shawa ikija, kwa ajili ya siku maji yanapokatika, kwa kuogeshea watoto na kwa wanaotawadha.

Fundi naye akubaliane na familia tangu mwanzo kwamba malipo ya sakafu yatakamilishwa baada ya zile saa 24, pale ukuta wa chumba jirani utakapoonekana mkavu.