Bunduki ya Hewa na Matunzo Yake

Mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya hewa kutoka mita 10 uliingia katika Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 4.5, ilhali kitovu cha shabaha, chenye alama 10, ni nukta ya nusu milimita tu. Hapo nguvu hazisaidii; kinachotakiwa ni pumzi tulivu, na kidole kinachobana kifyatulio polepole bila pupa. Kabla ya kusafisha, mlengaji ahakikishe kwanza kwamba bunduki haina risasi. Kisha vipande vya sufu iliyoshindiliwa hupitishwa ndani ya mtutu. Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kwa hiyo, mikono ioshwe kabla ya kula.